Mama Yaani na Neno Lililobaki Njiani

Tulimwita Mama Yaani. Hata mchungaji alipokuwa akisoma zamu za wiki alilisahau jina lake la ubatizo, akatangaza tu, "Ukalimani: Mama Yaani," na hakuna aliyecheka kwa sababu hakuna aliyeona kosa. Alikuwa mkalimani wa kanisa letu kwa miaka ishirini na sita kabla ya mambo haya kutokea. Kila mhubiri mgeni alipomaliza sentensi yake, yeye alivuta pumzi, akafumba macho kidogo kama mtu anayeonja mchuzi, akasema, "Yaani..." Ndipo maneno yalipokuja. Watoto walimwigiza kwenye ngazi za kanisa. Mmoja anabwabwaja maneno yasiyo na kichwa wala miguu, mwingine anafumba macho: "Yaani, anasema ana njaa."

Siku za kazi alikuwa dobi. Mimi najua, kwa sababu nilifanya kazi naye chumba kimoja, nyuma ya nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinane, na shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika pembe mbili huku, yule pembe mbili kule, mnavuta, mnakunja, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana, halafu mnaachana. Habari hii niliipata hivyo, kipande kwa kipande, tukisogeleana na kurudi katikati ya mvuke wa pasi. Kama kuna mahali inaelea kama ndoto, lawama si yangu peke yangu. Chumba kile kilikuwa na joto na weupe mwingi, na ikifika saa nane mchana mtu hakuwa na hakika kama yuko macho au ameshalala akiwa amesimama.

Baba yake ndiye aliyekuwa dobi wa kwanza wa nyumba ile. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, na baba hakuoa tena. Alimlea humo humo chumba cha pasi. Mchana mtoto alilazwa ndani ya kikapu cha mashuka yaliyotoka juani, akalala akinusa sabuni na wanga. Baba alimsuka nywele mwenyewe kila Jumamosi, na mistari ilikwenda kombo, mmoja ukielekea sikioni na mwingine ukipotelea kisogoni. Wanawake wa mtaani walimsimamisha njiani. "Baba, leo umesuka au umelima?" Naye alicheka pamoja nao, na Jumamosi iliyofuata akaketi tena na kitana chake.

"Nilipokuwa mdogo," aliniambia siku moja, shuka likiwa limetanda katikati yetu, "nikisikia watu wanasema Mungu, sikuona mwanamume wala mwanamke. Niliona mikono. Mikono iliyokunjamana ngozi kwa maji, kama ya mtu aliyetoka kufua."

Lugha ya wageni aliipata kwa mwanamke mmoja mpima ardhi, aliyekaa chumba namba tisa miaka miwili na ushei. Msichana alikuwa akimpelekea nguo zilizopigwa pasi, yule mama akawa anamshikilia mlangoni, leo neno moja, kesho mawili, mpaka wakafika kwenye sentensi. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Katika lugha ile huwezi kusema "yeye" hivi hivi. Kuna yeye wa kiume na kuna yeye wa kike, na lazima uchague kabla hujaendelea.

"Ni kama kuna mlinzi getini," alisema. "Unataka tu kupita na habari yako, anakuuliza, huyo unayemtaja ni mwanamume au mwanamke? Usipojibu hupiti."

Mara nyingi alijibu vibaya. Alieleza jinsi baba yake anavyomsuka nywele na kumpikia uji, na habari yote akaitia yeye wa kike, mpaka mpima ardhi akacheka machozi yakamtoka. Alimsahihisha kwa upole. Msichana akajifunza kumjibu mlinzi. Alipofika miaka ishirini na mitatu, mkalimani wa kanisa akapoteza sauti asubuhi ya mkutano mkubwa, mchungaji wa wakati ule akauliza nani anaweza, na dobi akasimama na mikono yake imekunjamana kwa maji.

Alikuwa na kiapo chake mwenyewe, ambacho hakuna aliyemtaka akile. Haongezi, hapunguzi. Mhubiri akikohoa katikati ya sentensi alikaribia kukohoa naye. Aliniambia kwamba akishika kipaza sauti, yeye huwa hayupo. Maneno yanaingia sikio hili, yanatokea mdomoni, na katikati hapo pana ukimya mtamu kama wa mtu anayesinzia garini huku akijua gari linakwenda.

Basi akaja yule mgeni.

Alikuwa bibi mfupi mwenye mvi zilizokatwa karibu na ngozi, viatu vya kamba, na sauti ndogo iliyokulazimisha kutulia ili uisikie. Alialikwa kuhubiri mara mbili, Ijumaa na Jumapili. Ijumaa jioni, jua bado liko madirishani, alisimama akazungumza juu ya Mungu anayewafundisha watu wake kutembea, jinsi mzazi anavyomshika mtoto mikono yote miwili na kurudi kinyumenyume mbele yake, hatua kwa hatua.

Ilikuwa sentensi ya tatu. Mgeni alisema kwamba Mungu aliinama, na yeye, yeye wa kike, akamshika mtoto asianguke. Na mdomo wa Mama Yaani ulikwisha kusema, "Yaani, Mungu akainama, naye akamshika mtoto asianguke."

"Amina," kanisa likaitikia.

Alidhani amesikia vibaya. Akatega sikio. Ikaja tena. Yeye wa kike aliwalisha, yeye wa kike aliwasubiri, wakamkimbia na yeye wa kike akawafuata. Na kila mara Kiswahili kilifungua mlango, kikapokea habari, kikafunga mlango, bila kuuliza kitu. Akalisha, akasubiri, akawafuata. Amina, amina. Mama Yaani alisema alijisikia kama mtu aliyetoka kisimani na ndoo mbili, akafika nyumbani akakuta moja imejaa na nyingine tupu, na njia nzima ni kavu. Watu mia tatu walikuwa wanamwangalia mhubiri yule yule, wanasikia mahubiri yale yale, na kulikuwa na jambo kubwa limetanda juu ya vichwa vyao ambalo yeye peke yake alilijua.

Si yeye peke yake. Benchi la pili alikaa mzee wa kanisa tuliyemwita Mwalimu, aliyefundisha lugha ile ile shule ya sekondari kwa miaka thelathini kabla hajastaafu. Katikati ya mahubiri Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Alimngoja pale bombani, mahali watu wanapojaza chupa zao baada ya ibada.

"Mama Yaani."

"Naam, Mwalimu."

"Umesikia alivyokuwa anasema?"

"Nimesikia."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nimehesabu. Mara thelathini na moja! Mara thelathini na moja amemtaja Mwenyezi Mungu kama mwanamke, mbele ya kanisa zima, na kanisa zima limeitikia amina."

"Wameitikia nilichosema mimi."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilisema yeye."

Mwalimu akavua miwani tena. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilimkaba pale pale. "Umewaficha watu," akasema hatimaye.

"Nimewaficha wapi, Mwalimu? Nionyeshe neno nililoliacha."

"Ungesema Mungu Mama."

"Hakusema Mama. Angesema Mama, ningesema Mama. Alisema yeye."

Maji yalikuwa yanafurika kwenye chupa ya mtu na hakuna aliyefunga bomba. Mwalimu aliondoka akitikisa kichwa, akaenda moja kwa moja kwa mchungaji.

Asubuhi ya Jumamosi waliitwa ofisini. Ofisi ya mchungaji ilikuwa chumba kidogo kando ya kanisa, viti vinne vya plastiki, majoho ya kwaya yananing'inia kwenye misumari kama watu waliochoka, na feni ya mezani iliyogeuza shingo polepole kumtazama kila mmoja kwa zamu. Mchungaji wetu ni mtu mnene, mpole, na lugha ya wageni anaijua ya salamu na ya asante. Mgeni alikaa karibu na dirisha. Mwalimu akakaa mlangoni.

"Mama Yaani," mchungaji akasema, "tutafsirie."

"Mchungaji, mimi ndiye mshitakiwa. Tena niwe mkalimani wa kesi yangu?"

"Sasa tumtafute nani? Mwalimu ndiye mlalamikaji."

Ikabidi. Alivuta kiti chake katikati, akafumba macho, akatoweka kama kawaida yake.

Mchungaji akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia, "Mwulize, je, anaamini kwamba Mungu ni mwanamke?"

"Hapana," mgeni akajibu kwa mdomo wa Mama Yaani. "Mungu si mwanamke. Wala si mwanamume. Hana mwili, hana ndevu, hana titi. Tumeumbwa kwa mfano wake sisi sote, wanaume na wanawake, kwa hiyo hakuna upande wetu mmoja unaomtosha."

"Hilo hata mimi nalifundisha darasa la ubatizo," Mwalimu akasema. "Mungu ni Roho. Ubishi wangu si huo. Ubishi wangu ni kwamba Bwana mwenyewe alitufundisha kumwita Baba. Hatuwezi kujifanya wajuaji kuliko yeye."

"Nami namwita Baba," mgeni akasema. "Sala ile naisali kila siku, sijaifuta. Lakini manabii hao hao wamemfananisha na mama anayemfariji mtoto, na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na hakuna aliyewaita ofisini."

Mchungaji akakohoa kuficha kicheko. Mama Yaani naye, bila kujua, akakohoa.

"Basi kwa nini asiache kama ilivyozoeleka?" Mwalimu akauliza. "Mwulize, anapata faida gani?"

Mgeni alilaza mikono magotini. Feni ikamtazama, ikageuka. Alipoanza kusema alisema chini sana, na Mama Yaani, ambaye kwa kiapo chake hasemi "anasema kwamba," husema "mimi" kama msemaji, akamfuata neno kwa neno.

"Baba yangu alikuwa mhubiri. Watu walimpenda. Nyumbani alikuwa na mkanda nyuma ya mlango. Alinipiga tangu nikiwa na miaka sita. Alinipiga na halafu tukapiga magoti tukasali, na kila aliposema yeye, yeye wa kiume, niliona uso wake baba mwenyewe. Alipokufa sikuweza kusali miaka saba. Nilikuwa nahubiri na siwezi kusali. Siku moja naosha vyombo, nikajaribu neno lile jingine. Kimya kimya, kama mtu anayejaribu ufunguo usio wake. Na mlango ukafunguka. Sisemi ndilo sahihi. Nasema niliweza kusali."

Mama Yaani alipofika hapo machozi yalikuwa yanamtiririka. Mchungaji aliinuka, mkono umenyooshwa, akamwendea yeye badala ya mgeni, akasimama njia panda, hajui ampe nani leso. Baadaye Mama Yaani aliniambia kilichomliza. Alikuwa amesema kwa mdomo wake mwenyewe, "Baba yangu alinipiga," yeye ambaye baba yake hakuwahi kumnyooshea hata kidole. Alijiona kama amemsingizia mzee wa watu. Na wakati huo huo alijua kwamba yule mtoto aliyepigwa yupo kweli, ameketi hapo karibu na dirisha na viatu vyake vya kamba.

Mgeni hakuingoja leso. Alimgeukia Mama Yaani, akamwuliza yeye, si wengine, "Na ninyi, kwa lugha yenu, jana ulisemaje?"

"Yeye," Mama Yaani akajibu.

"Yeye yupi?"

"Yeye tu. Hakuna wa kiume na wa kike. Ni yeye."

Mgeni aliegemea ukuta, majoho ya kwaya yakamgusa mabega. "Yaani watu hawa," akasema, na Mama Yaani anaapa kwamba hilo *yaani* halikuwa lake, lilikuwemo kweli katika sauti ya yule bibi, "watu hawa hawajawahi kuulizwa?"

"Mwambie asitupambe bure," Mwalimu akasema. "Tunasema Baba. Tunasema Bwana, tunasema Mfalme. Lugha yetu nayo ina suruali yake. Ila haivai kila siku."

Mama Yaani akaitafsiri na suruali yake, na mgeni akacheka hadi akashika mbavu. Hata Mwalimu alilegea kidogo kwenye pembe za mdomo.

Mchungaji akajikuna kidevu. "Sasa mimi nitoe hukumu gani? Kwa Kiswahili sikusikia kosa. Kwa lugha yake, sielewi kitu. Kosa limetendeka wapi? Hewani?" Akaamua mgeni ahubiri Jumapili kama ilivyopangwa. Wakati wa kutoka alimshika Mama Yaani kiwiko. "Lakini wewe mwenyewe, moyo wako unasemaje?"

Aliaga kwa kichwa. Akaenda nyumbani.

Baba yake alikuwa bado hai, anakaa naye, miaka themanini na kitu, na kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kuondoka chumba kimoja baada ya kingine kama wageni wanaohama. Siku nyingine alijua jina la binti yake, siku nyingine alimwita "mama" tu, na hapo huwezi kujua kama ni lile "mama" ambalo baba yeyote humwita bintiye kwa mapenzi, au amemwona mama yake mwenyewe. Mchana ule alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uso dirishani, anasali kwa sauti. Alikuwa amesahau maneno yote ya ibada. Kilichobaki kilikuwa hiki: "Wewe. Jua kali leo. Wewe, huyu mama amechoka, mwangalie. Wewe, maji yamekatika?"

Mama Yaani alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Ikamjia, polepole, kama mtu anayekumbuka ndoto wakati tayari ameshavaa viatu, kwamba hata katika lugha ya wageni hakuna wewe wa kiume na wewe wa kike. Mlinzi getini hawaulizi wanaoongea uso kwa uso. Huuliza pale tu mtu anaposemwa pembeni.

"Baba," akasema, "Mungu ni mwanamume au mwanamke?"

Mzee akageuka taratibu. "Amekuja?" akauliza. "Mwambie akae."

Alicheka peke yake jikoni mpaka akalazimika kushika meza. Lakini kicheko kilipokwisha, lile swali la mchungaji lilikuwa bado lipo. Maana kazi yake si kusali, ni kufikisha. Kulikuwa na jambo limesemwa kanisani, jambo lililomgharimu yule bibi miaka saba, na halikufika. Liwe la kuchukiza au la kubariki, hakuwa na haki ya kuliacha njiani, hata kama aliyeliacha ni lugha yenyewe na si yeye. Na Mwalimu alikuwa na haki yake kiasi. Hilo lilimchoma kuliko yote.

Jumapili aliomba ruhusa kwa mgeni kabla ya ibada. Mgeni akakubali kwa kichwa.

Nilikuwepo. Nilikaa karibu na mlango kwa sababu ya joto. Mahubiri yalikuwa yamefika dakika kumi hivi, mgeni akasema sentensi, Mama Yaani akavuta pumzi, akasema "Yaani," na halafu hakufumba macho. Alitutazama. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita kumwona yeye mwenyewe yupo pale mbele.

"Ndugu zangu," akasema, "kuna neno halijawafikia tangu Ijumaa. Lugha ya mgeni wetu ina yeye wa kiume na yeye wa kike. Anapomtaja Mungu, anatumia yeye wa kike. Mimi nikisema yeye, ninyi hamlioni hilo, na mimi sina namna ya kulisema. Hasemi kwamba Mungu ni mwanamke. Anasema ndilo neno analoweza kusali nalo. Sababu yake ni yake, siwaambii. Nimewaambia ili msije mkasema Mama Yaani alitukunjia shuka na doa ndani."

Nilisikia bati la paa likilia kwa jua. Kisha mkunga mstaafu wa benchi la kwanza, ambaye masikio yake ni mazito na kwa hiyo hunong'ona kwa sauti ya kuita ng'ombe, akamgeukia jirani yake, "Anasema nini?"

Jirani akamweleza sikioni.

"Hee!" akasema mkunga. "Nimezalisha miaka arobaini. Mwanamke uchungu ukimzidi haiti Baba, haiti Bwana. Anaita mama, hata kama mama yuko kaburini. Na wangapi nimeona wakisaidiwa! Sasa nani alikuwa anaitika?"

Watu wengine walicheka, kile kicheko cha kutoa pumzi. Lakini wengine hawakucheka. Kiongozi wa kwaya aliinuka, akamshika mkewe mkono, wakatoka, na nyuma yao familia nyingine mbili. Nilivuta magoti yangu wapite. Uso wa kiongozi wa kwaya haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyeamshwa ghafla. Mgeni aliwangoja wapite, akamaliza mahubiri yake kwa sauti ile ile ndogo. Alipokaa, hakuna aliyejua kama ni wakati wa kuimba.

Wiki ile wazee wa kanisa walikaa kikao, wakaamua Mama Yaani apumzike. Ndilo neno walilotumia. Ukalimani ukapewa Mwalimu.

Alipumzika kwa pasi. Miezi minne hatukuongea mambo ya kanisa. Tulikunja mashuka, tukapanga foronya, mvuke ukapanda, na mara nyingine katikati ya kukunja alisimama na pembe zake mbili mkononi akitazama weupe ule kama anasoma kitu. Nilimwuliza kama anajuta. "Sijuti," akasema. "Ila nilikuwa nimezoea kutokuwepo. Sasa nipo siku nzima. Inachosha."

Halafu akaja mhubiri mwingine mgeni, mwanamume kijana mwenye sauti ya radi, na Mwalimu akasimama naye mimbarini kwa mara ya kwanza. Mhubiri akaanza kwa upendo wa Mungu. Alitumia yeye wa kiume, kama watumiavyo karibu wote. Na hapo, nadhani, haki ya Mwalimu ilimkaba mara ya pili. Maana kama yeye wa kike lilikuwa neno la lazima kutangazwa, huyu wa kiume je? Mwalimu hakuwa mtu wa kupima kwa mizani mbili.

"Mungu alitupenda," akatafsiri, "yeye, mwanamume. Naye, mwanamume, akatuita. Tukamkimbia, na yeye, mwanamume, akatufuata..."

Mara ya tano au ya sita, mkunga wa benchi la kwanza akanong'ona kwa sauti yake ya ng'ombe, "Huyo mwanamume anayetufuata ni nani?"

Kanisa lilianguka kwa kicheko. Watu walijificha nyuma ya vitabu vya nyimbo, mchungaji aliinamisha uso magotini, mabega yanatikisika. Mhubiri kijana alidhani amesema jambo zuri, akatabasamu. Mwalimu alisimama wima kwa muda, kipaza sauti mkononi, masikio yamemwiva. Kisha akaanza kucheka naye, kicheko ambacho nadhani kilikaa ndani yake miaka mingi kikingoja sababu.

Kesho yake alikuja chumba cha pasi. Hakuwahi kufika pale. Alisimama katikati ya mvuke na miwani imefunga ukungu, haoni kitu.

"Mama Yaani, uko wapi?"

"Niko hapa, Mwalimu. Mbele yako."

"Nimekosea jana."

"Nimesikia."

"Nilitaka kuwa mwaminifu kwa kila neno. Kumbe kila nilipoongeza, nilipunguza." Akavua miwani, akabaki akipepesa macho. "Bado siafikiani na yule mama. Nataka ujue hilo."

"Najua."

"Lakini wewe rudi. Nitawaambia wazee mimi mwenyewe."

Akarudi. Haikuwa kama mwanzo. Kiongozi wa kwaya alihamia kanisa jingine na hakurejea, na bado wakikutana sokoni wanasalimiana kwa heshima na kila mmoja anaharakisha. Familia mbili zile zilirudi, moja kwa sababu ya mahubiri, nyingine, nasikia, kwa sababu ya kwaya kukosa sauti ya tatu. Mwalimu na Mama Yaani wanagawana zamu. Hawajakubaliana mpaka leo. Akisali, Mwalimu husema Baba kwa uzito mpya kidogo, kama mtu anayeliangalia neno kabla ya kuliweka mezani.

Mwaka jana barua ilifika kutoka kwa yule bibi. Alikuwa ameanza kujifunza Kiswahili kwa kitabu, uzeeni, peke yake, na alitaka kuandika ukurasa mzima bila msaada. Tuliusoma watatu, mimi, Mama Yaani na Mwalimu, kwenye ngazi za kanisa, jua la saa kumi likiwa mgongoni. Salamu zilikuwa sawa. Habari ya bustani yake ilikuwa karibu sawa. Kisha, chini kabisa, kwa mwandiko mkubwa wa mtoto wa darasa la kwanza, alikuwa ameandika: *Mungu yangu inanipenda.*

Mwalimu alikwisha kutoa kalamu mfukoni. "Mungu *wangu*," akasema, "*ana*nipenda. Hapa amemfanya kama meza."

"Au kama nyumba," Mama Yaani akasema.

Mwalimu akafikiri. Kalamu ilikuwa hewani juu ya karatasi. Chini ya ngazi watoto walikuwa wanarushiana kiatu cha mtu, na mmoja wao analia anataka arudishiwe.

"Tumsahihishe?" akauliza.

"Mwandikie salamu kwanza," akasema Mama Yaani. "Mwambie tumesoma, na tumeelewa."

Mwalimu akaigeuza barua, akailaza gotini, akaanza kuandika nyuma yake, taratibu, kwa maneno mafupi ili yule bibi asipate taabu.